Sura ya Odeta

Karatasi ya kumi na saba ilikuwa imelowa.

Leonsia aliiinua kwa ncha za vidole, akatazama dari. Ulikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa sabini na tano, mvua bado, na bati la nyumba yao pale Igogo lilikuwa linalia kwa jua tu. Karatasi ya kumi na sita ilikuwa kavu. Ya kumi na nane kavu. Ile ya katikati peke yake ndiyo iliyolowa, na alipoisogeza puani aliirudisha mezani haraka. Ilinuka mkojo, mkojo uliochacha kwenye nguo siku nyingi.

"Paka huyo," alisema mumewe bila kuinua macho. "Piga nyingine."

Hawakuwa na paka. Leonsia aliingiza karatasi safi kwenye taipureta, akaanza upya.

Mumewe, Mwalimu Kahigwa, alikuwa Mhaya mwenye miaka hamsini kasoro, mrefu, mwenye sauti ya kupendeza. Alikuwa amefundisha shule za Usukumani miaka mingi kabla ya kuhamia ofisi moja ya serikali mjini Mwanza. Hadithi zake fupi zilikuwa zimetoka magazetini, na watu walimsimamisha njiani kumpa mkono. Sasa alikuwa anaandika kitabu cha maisha yake mwenyewe, habari za wanawake aliowapenda na ndoa alizofunga. "Waandishi wenzangu wakifika mlango wa chumbani wanageuka nyuma," alizoea kusema. "Mimi nitaingia na taa."

Leonsia alikuwa mpiga chapa wakati Mwalimu alipomuoa, sasa ilikuwa imepita miezi tisa. Alimwachisha kazi ili ampigie kitabu. Kila siku saa saba mchana alirudi kutoka ofisini, akala, akajinyoosha kwenye kiti cha uvivu na kusema maneno huku mkewe, mwenye mimba ya miezi mitano, akiyapiga taipu.

Sura ya kwanza ilimhusu Leonsia mwenyewe.

"Andika," alisema Mwalimu. "Mke wangu wa sasa ni mtiifu kama benchi. Ukimkumbatia anafumba macho, anasubiri umalize, halafu anauliza kama utakula ndizi au ugali. Umeandika benchi?"

"Nimeandika, Mwalimu."

"Usinune. Kitabu cha kweli hakina haya."

Machozi yalidondokea herufi, lakini vidole havikusimama. Kwao alifundishwa kwamba mume hajibiwi.

Sura ya pili ilikuwa ya Odeta, mke wa kwanza, binti wa Kisukuma aliyemuoa alipokuwa akifundisha upande wa Usagara. Siku hiyo Mwalimu alifumba macho kwa raha. "Odeta alikuwa na mwili wa moto na moyo mwepesi. Mwaka wa sabini na nne, watu walipokuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, alinikimbia na dereva wa lori, nikabaki na mto wake kitandani."

Taipureta ilinyamaza.

"Mwalimu," Leonsia alisema polepole, "kwa baba yangu ulisema umefiwa na mke. Ulisema alikufa kwa homa. Ulilia."

"Mwanamke akikukimbia, kwako si amekufa?"

"Lakini ulisema homa."

"Piga taipu, Leonsia."

Alipiga. Kesho yake, Mwalimu alipochukua karatasi ile kuisahihisha, Leonsia aliona shingo yake inakakamaa. Chini ya maneno ya mto uliobaki kitandani palikuwa na mstari mwingine, herufi zilezile, wino uleule: *Sikukimbia. Mlango ulifungwa kwa nje.*

Mwalimu alimpiga kofi lililomwangusha kwenye ukuta. Hakuuliza kitu. Hilo ndilo lililomtisha Leonsia kuliko kofi lenyewe, kwamba mtu aliyependa maneno namna ile hakuuliza maana ya maneno yale.

Tangu siku hiyo mchana ukawa mbaya. Jirani wakiwa sokoni na watoto shuleni, joto likipanda kutoka kwenye mawe ya mlimani na kuingia ndani kama mtu aliyekaribishwa, Leonsia alisikia tone. To. Kimya. To. Aliinuka akaangalia mtungi, akaangalia beseni, akainama chini ya meza, na tone likamfuata, mara nyuma ya kiti chake, mara karibu na kisigino, mara chumbani. Siku ya tatu aliliandama hadi chumbani akaona nyayo mbichi kwenye sakafu ya saruji, nyayo ndogo za mwanamke anayetembea miguu ikiwa imeachana kama mtu mwenye kidonda mapajani, zikatoka mlangoni, zikapita kabati, zikazunguka kitanda upande wa Mwalimu bila kusimama, zikaja hadi upande wake yeye, na hapo hazikurudi.

Godoro upande wake lilikuwa limelowa, na lilikuwa na joto.

Usiku huo Mwalimu alinusa hewa, akachukua mkeka wake. "Unanuka," alimwambia. "Siwezi kulala na mwanamke anayenuka." Alilisema kwa wepesi, kama aliyekwisha kulizoea.

Asubuhi jirani yake Paskazia, aliyekaanga samaki kibarazani, alimvuta mkono hadi nyuma ya choo.

"Dada, nisamehe nikiuliza," alinong'ona. "Yule ndugu yako anayekaa mlangoni kwako mchana, ni mgonjwa?"

"Ndugu gani?"

"Yule mwembamba. Amejifunga kanga tatu, moja juu ya nyingine, kama aliyetoka kujifungua. Jana nilimsalimia, hakuitika. Alipoinuka aliacha maji pale alipokaa."

Leonsia alishika tumbo lake. Paskazia alimtazama usoni, akaelewa.

"Mungu wangu. Usilale humo. Ilemela kuna mama mmoja, Getruda, anatibu majini. Nitamleta."

Paskazia alimleta Getruda Jumamosi saa nane mchana, mwanamke mnene mwenye viatu vya raba, kikapu mkononi na ngoma ndogo kwapani. Leonsia alimpigia goti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Una mtoto tumboni? Basi tufanye upesi." Mwalimu alitaka kumfukuza. Alisema yeye ni msomi na muumini wa Kikatoliki, na hawezi kuruhusu ushenzi. Ndipo tone likaanza, wote wanne wakilisikia, to, to, to, chini ya kiti alichokalia yeye. Akamwacha Getruda aendelee.

Getruda alichoma ubani, akagusa ngoma. Hapakuwa na haja ya kupiga sana. Leonsia alihisi kitu kama maji ya uvuguvugu kinapanda kutoka nyayo hadi magotini, hadi kiunoni, hadi kooni, akazama humo akiwa macho wazi, na kutoka chini huko akasikia kinywa chake kinasema Kisukuma, lugha ambayo yeye hakujua zaidi ya salamu zake. Alishangaa kwamba alielewa kila neno.

"Wewe ni nani?" Getruda aliuliza.

"Mimi ni wa magofu. Nakaa nyumba zilizoachwa."

"Mbona umevaa sauti ya mwanadamu?"

"Nilikaa naye. Siku zile zote hapakuwa na mwingine. Alinisimulia maisha yake mpaka ulimi ulipokauka. Mimi ndiye niliyemfumba macho."

Paskazia alianza kusali kwa sauti ya chini. Getruda akamgeukia Mwalimu. "Baba, hili jini si la kutumwa. Limekuja na neno la mtu. Halitoki mpaka aliyesema uongo aseme kweli kwa kinywa chake, mbele ya masikio ya watu."

"Sina la kusema."

Kinywa cha Leonsia kilicheka. Mkojo ukaanza kutiririka miguuni pake, ukapita chini ya meza, ukafika kwenye viatu vya Mwalimu, akavinyanyua, ukangoja. Alipovishusha, ukavizunguka.

Ndipo aliposema. Alisema haraka, akitazama ukuta. Kwamba Odeta aliumwa uchungu siku nne, mtoto akatoka maiti, na tangu hapo mkojo ukawa unamtoka wenyewe bila kukoma, usiku na mchana. Kwamba alimhamishia kibanda cha jikoni. Kwamba ilipofika operesheni ya kuhamia kijiji kipya, yeye, kwa kuwa alikuwa msomi, ndiye aliyepewa daftari la kaya. Nyumba zingejengwa kwa mstari, mlango kwa mlango, na watu wangejua Mwalimu ana mke wa namna gani.

"Ukafanyaje?" Getruda aliuliza.

"Nilifunga mlango kwa waya. Nilidhani… sikudhani kitu. Nikaandika kaya ile imekwisha hama."

"Alikuita?"

"Aliita. Lori lilikuwa linanguruma, hakuna aliyesikia."

"Wewe ulisikia."

"Nilisikia," alisema Mwalimu. "Nilirudi siku ya tisa. Nilimzika mwenyewe."

Maji yakashuka kooni mwa Leonsia, yakashuka kiunoni, yakamtoka. Alianguka mikononi mwa Paskazia akilia kwa sauti yake mwenyewe, na hewa ya chumba ikawa hewa tu, yenye ubani na samaki wa jirani. Getruda alifunga kikapu chake. Mlangoni alimwambia Leonsia, kwa sauti ya chini, "Limetoka. Lakini halijaenda mbali. Mwambie asirudie uongo wake."

Siku mbili nyumba ilikuwa kavu. Leonsia hakujua amtazame mumewe vipi. Usiku aliwaza mlango, waya, koo lililokauka. Alimngojea mtu yule aseme jambo, aombe msamaha, aende kwa ndugu wa Odeta, alie hata kidogo. Jumanne saa saba mchana Mwalimu alikula akamaliza, akajinyoosha kwenye kiti cha uvivu. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Kaa kwenye mashine," alisema. "Nimepata sura itakayowaliza watu. Ile ya dereva tutaichana. Andika: Odeta wangu alikufa mikononi mwangu. Siku tisa sikumwacha. Nilimnywesha maji kwa kijiko, nikamwosha kama mtoto, na alipokata roho midomo yake ilikuwa inataja jina langu."

Leonsia hakugusa mashine.

"Mwalimu, usiseme hivyo."

"Kwa nini? Ni nzuri. Andika."

To.

Mwalimu hakulisikia, au alijifanya. Aliendelea kusema, macho ameyafumba, sauti yake tamu inapanda na kushuka, akiongeza mkono alioushika, akiongeza wimbo aliomwimbia, na kadiri alivyopamba ndivyo mwanga wa dirishani ulivyofifia bila wingu, ndivyo harufu ilivyopanda kutoka sakafuni, nzito, ya nguo zisizofuliwa na majivu mabichi, mpaka Leonsia akahisi mtu amesimama nyuma ya kiti chake, karibu kiasi cha kuhisi ubichi wa kanga zake mgongoni. Mtoto akageuka tumboni mara moja, kwa nguvu, kisha akatulia.

Mdomo ulimsogelea sikioni. Safari hii kilikuwa Kiswahili cha taratibu, cha mtu aliyejifunza ukubwani.

"Dada. Sikuja kwa ajili yako. Nataka mume wangu."

Leonsia alimtazama Mwalimu. Alitazama shingo yake laini, mikono yake safi, midomo inayoendelea kutunga. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumwita Paskazia, kukimbilia Ilemela, kuomba sala. Alijua anachoulizwa, akajua pia kwamba kila atakapokumbuka saa hii hataweza kusema alilazimishwa.

"Mchukue," alisema.

"Umesema nini?" Mwalimu aliuliza, akifumbua macho. Hakumtazama Leonsia. Alitazama juu ya bega lake, na sauti yake tamu ikakatika katikati ya neno.

Leonsia aliinuka, akachukua sanduku lake, akatoka. Hakugeuka aliposikia kitasa kinazunguka nyuma yake. Jioni ile alipanda meli ya Bukoba, na kwao alisema tu kwamba mumewe ni mgonjwa.

Alijifungua mwezi wa kwanza, mtoto wa kike mzima. Mwezi wa tatu alirudi Mwanza kuchukua cheti cha ndoa, maana padri alikihitaji kwa ubatizo. Paskazia alimpokea bandarini, akambeba mtoto. Walipofika kibarazani alisimama. "Mimi siingii," alisema. "Mtoto abaki na mimi."

Mlango haukuwa umefungwa. Ilikuwa saa saba mchana. Karatasi zote za kitabu zilikuwa zimetandazwa sakafuni, zimelowa, zimeganda pamoja, na hakuna herufi iliyosomeka. Leonsia alizikanyaga hadi chumbani.

Mwalimu Kahigwa alikuwa amelala ukingoni mwa kitanda, amekonda akabaki mifupa mitupu, suruali yake imeozea mwilini. Ofisi ilikuwa imekwisha mwachisha kazi kwa sababu ya harufu. Alipomwona Leonsia macho yake yalijaa machozi, akanyanyua kidole akakiweka midomoni.

"Sema polepole," alinong'ona. "Amelala sasa hivi tu. Usiku kucha ananisimulia. Anaanza siku ya kwanza, anafika ya tisa, halafu anaanza tena."

"Cheti cha ndoa kiko wapi?" Leonsia aliuliza.

Alionyesha kabati. Leonsia alikichukua, akakikunja, akakitia kifuani. Kitandani, kando ya Mwalimu, godoro lilikuwa limebonyea kwa uzito wa mtu, na ubonyevu ule ukaanza kusogea.

"Leonsia," alisema mumewe, sauti imekonda kama uzi. "Mama. Nihurumie. Nipeleke popote."

Blanketi likajiinua lenyewe upande ule, taratibu, kama mtu anayemkaribisha mwenzake. Mwalimu Kahigwa alilia bila sauti, akasogea ndani kwenye ubichi, akalala chali, akafumba macho na kusubiri.

Leonsia alitoka, akauvuta mlango.