Baiskeli Isiyo na Breki ya Mbele

Waya wa breki ya nyuma ulikatika Mihayo akiwa ameshaingia kwenye mteremko, na mteremko wenyewe haukuwa wa mtu kubadili mawazo. Lilikuwa jabali moja tupu, limelala kutoka kileleni mpaka ziwani, upande wa pili wa Busisi. Asubuhi ile alivuka na kivuko kutoka Kigongo pamoja na shemeji yake Okech, ndugu wa mkewe Adoyo, kwa ajili ya jabali hilo hilo. Sasa baiskeli ilikuwa inakwenda yenyewe. Akaminya mkono wa breki ya mbele, akashika hewa. Breki ya mbele alikuwa ameing'oa kwa mikono yake.

Na hebu tusemezane ukweli, nani Mwanza hakuing'oa? Kila fundi kuanzia Mirongo mpaka Nyakato alikuambia breki ya mbele inaua, ukiiminya inakurusha ukatue kwa meno. Kwa baiskeli ya kubebea mkaa kwenye tambarare, unaweza kuzeeka bila kuihitaji. Lakini hii ya Mihayo ilikuja na makontena ya mitumba, miaka ile ya ruksa ya kuagiza bidhaa, ina gia na matairi manene yenye meno. Waliounda chombo kile walijua kinakwenda wapi. Mihayo alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha samaki, mtu ambaye humfokea yeyote anayefungua kinga ya mashine. Nyumbani akafungua breki. Binadamu bwana!

Adoyo alishamuuliza, baiskeli isiyobeba hata debe moja la maji ni ya nini? Jibu lilikuwa tumboni. Akiwa juu ya jiwe, macho kwenye gurudumu la mbele, kelele zote za mitambo zilimtoka kichwani, ikabaki hofu kidogo, halafu raha. Siku hiyo hofu ilikuja peke yake.

"Ruka!" Okech alipiga kelele kutoka juu. "Ruka, shemeji!"

Aliruka akiwa amechelewa. Jiwe lilimpokea kwa bega, kisha kwa nyonga, kisha mguu wa kushoto ukaingia kwenye ufa na mwili ukaendelea na safari. Alisikia ukivunjika, mlio mkavu kama wa kuni. Alipotulia alikuwa kwenye kibaraza cha jiwe, hatua chache kutoka kwenye maji, baiskeli imelala kando yake. Chini ya goti mfupa ulikuwa umechungulia nje.

"Mayu!" alilia, akimwita mama kama mtoto wa Maswa aliyekuwa miaka mingi nyuma. "Mayu!"

Okech aliteremka kwa makalio, akiiburuza baiskeli yake ya Phoenix kwa mkono mmoja. Alipouona mguu aliilaza baiskeli chini. Akavua shati, akalichana, akafunga palipokuwa panatoka damu, kisha akakata fito mbili kwenye kichaka na kuunyoosha mguu katikati yake.

"Asiyesikia la mkuu," akasema akikaza fundo.

"Mkuu ndiye wewe?" Mihayo alisaga meno. "Si wewe uliyenishikia spana nikiing'oa?"

Walicheka kidogo, kicheko kibaya. Halafu wakatazama juu. Jabali lilikuwa kali kuliko lilivyoonekana kutoka kileleni. Kulia na kushoto kulikuwa na mawe yaliyopandana. Mbele yao kulikuwa na ghuba ndogo iliyojaa magugu maji, kijani kitupu, maji huyaoni. Ng'ambo ya pua ya mawe moshi ulipanda. Mwalo wa wavuvi.

"Napanda nikatafute watu," Okech alisema.

Alifika nusu ya jabali mvua ilipoanza. Ilikuja na upepo, matone makubwa, na jiwe likageuka sabuni. Mihayo alimwona akiteleza, akikwaruza kwa kucha, akiteleza tena, mpaka akarudi kibarazani kwa tumbo, vidole vinachuruzika damu.

Wimbi la kwanza likapanda kibarazani na kulowesha miguu yao. La pili lilifika kiunoni mwa Mihayo pale alipokaa, likamwachia vipande vya magugu mapajani, na ndani ya magugu kitu chembamba kikajipinda na kutoweka. Watu wa Maswa ni watu wa ng'ombe. Maji wanayapenda yakiwa kwenye mtungi. Tena meli ya abiria ilikuwa imezama ziwani humo mwaka mmoja tu nyuma, na Mihayo alikuwa amekaa matangani nyumba baada ya nyumba. Hakujua kuogelea. Hakuwahi kutaka kujua.

"Tukikaa hapa tutaokotwa maiti," Okech alisema. "Toa spana."

Okech alizivua tyubu nne za baiskeli zote mbili, akazijaza upepo kwa pampu ya Phoenix mpaka zikawa ngumu, akamvisha Mihayo begani na kwapani kama mtu anayevishwa mashada. Kisha akafungua ule mpira mrefu wa kufungia mizigo kwenye keria. Ncha moja akaifunga kifuani mwa Mihayo, ya pili kiunoni mwake.

"Shemeji, mimi naogopa," Mihayo alisema wazi wazi.

"Hata mimi. Lala chali. Usipige mikono. Mimi nimezaliwa majini, nitakuvuta."

Maji yalikuwa ya baridi na mguu uliuma mpaka akaona giza mchana. Okech alitangulia, akipasua magugu kwa viwiko. Majani yalijifunga nyuma yao kama vile hakuna aliyepita. Mihayo aliangalia mawingu na kusikiliza. Kitu kiligusa mgongo wake. Shina? Samaki? Alifikiria mamba, kisha akajilazimisha kufikiria gia: ya kwanza ya kupandia, ya pili, ya tatu. Akazihesabu tena na tena. Kila alipofika mwisho kulikuwa bado na magugu.

"Tunafika," Okech alihema. "Naona watu. Naona..."

Hakumaliza. Mpira ulikaza ghafla, ukivuta chini, si mbele. Mihayo akainua kichwa. Palipokuwa na Okech palikuwa na majani yanayotikisika.

"Okech! Okech we!"

Mpira ulicheza mara mbili, tatu. Ni wavu, alikisia. Wavu mkuukuu uliotupwa, umelala chini ya magugu ukingoja mtu. Mfukoni mwake kulikuwa na kisu kidogo cha kukatia viraka. Lakini tyubu zilimshika juu, na mkono haukufika. Ili ufike, ilibidi azivue.

Hapo ndipo hofu ilimkaba kweli. Alivua ya kwanza na ya pili huku akilia kwa sauti, bila aibu, akiomba Mungu na marehemu baba yake kwa pamoja. Zilizobaki akazinasa kwenye kiwiko. Akachomoa kisu, akavuta pumzi, akauzamisha uso wake ndani ya lile ziwa, na kwa mkono mwingine akaufuata mpira kwenda chini. Akakuta nywele. Akakuta shingo, na nyuzi zimeizunguka. Akakata. Maji yakamwingia puani, akakata. Mguu uliovunjika uligonga kitu, akapiga ukelele chini ya maji, akaendelea kukata.

Okech alitoka akiwa na macho meupe. Mihayo akamkumbatia kwa mkono mmoja, tyubu kwa mkono mwingine, akapiga yowe la mchungaji aliyeona simba zizini.

Pale mwaloni mwanamke mmoja, Selestina, alikuwa anaokoa dagaa zake zisilowe. Alisikia lile yowe, akaona mkono. Aliingia majini na nguo zake, upondo mbele.

"Shika mti! Baba wee, shika!"

Akashika.

Wavuvi waliwalaza mchangani. Okech alitapika maji kwa muda mrefu. Upepo ulipotulia, jua likiwa limeinama, boti la mashine lilikuwa tayari kwenda Mwanza.

"Huu mguu haungoji kesho," nahodha alisema. "Upesi."

Walimpakia Mihayo juu ya magunia. Okech akabaki ufukweni. Alitazama maji, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

"Nenda, shemeji. Mimi nitazunguka nchi kavu."

"Na usiku huu unaoingia? Kwa miguu?"

"Siingii tena mle." Alizungumza kwa sauti ndogo, na wavuvi wakaangalia pembeni, maana walimjua kwa lafudhi kuwa ni mtu wa ziwa kama wao. "Siwezi, Mihayo. Siwezi."

Nahodha alikuwa ameshaivuta kamba ya mashine. Mihayo akajiburuza juu ya magunia mpaka ukingoni, mguu ukimpigia kelele mwili mzima, akanyoosha mkono juu ya maji yale yale.

"Basi na mimi nashuka," alisema. "Mashine izimwe."

"Utaupoteza mguu!" nahodha alifoka.

"Ninao mwingine. Ndugu wa Adoyo sina mwingine."

Okech akaingia majini mpaka magotini, amefumba macho, akaupapasa ule mkono mpaka akaupata, akapanda botini. Walishikana hivyo mpaka Mwanza, wanaume wawili wazima, na hakuna aliyemwachia mwenzake hata boti lilipofunga gatini.