Ngozi ya Kiatu na Ngozi Iliyo Hai

Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, nyundo ya Fundi ilikuwa imeshaanza kazi. Ko, ko, ko. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana. Viatu vilivyosubiri soli vilipangwa chini ya dirisha. Vilivyokwisha vilining'inia kwenye misumari ukutani, kila jozi imefungwa kwa kamba zake. Chumba cha nyuma kilikuwa cha kulala, na kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na pazia la maua.

Mke wa Fundi aliitwa Kidosho. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na majirani, kwa uzuri wa sura yake na udogo wa umbo lake, naye alilipenda. Kazi yake ilikuwa kushona bitana za viatu kwa cherehani. Sasa alikuwa na mimba ya miezi sita. Ilikuwa mimba ya kwanza, na waliisubiri kwa miaka minne.

Ungedhani angekuwa anaimba kutwa. Lakini siku hizo Kidosho alioga haraka na kuvaa haraka. Kioo cha chumbani alikigeuzia ukutani.

"Kioo kimekukosea nini?" Fundi alimuuliza.

"Kinasema ukweli."

"Ukweli gani?"

Kidosho alivuta pazia, akapandisha blauzi. Chini ya kitovu na kwenye nyonga palikuwa na mistari mirefu ya rangi ya zambarau, kama mtu aliyeparurwa na kucha.

"Nimepasuka, Fundi," alisema. "Na bado miezi mitatu. Nitabaki na nini?"

Fundi hakucheka. Aliitazama ile michirizi kwa jicho la kazi. Alikuwa ameshika ngozi tangu ujana wake: ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo. Aliijua ngozi kuliko alivyojua watu.

"Hii nina dawa yake," alisema. "Ngozi kavu ikivutwa hupasuka. Ngozi iliyolainishwa kwa mafuta hunyooka. Njoo uone."

Alikata vipande viwili vya ngozi ya mbuzi. Kimoja alikiacha kikavu. Kingine alikisugua kwa mafuta yake mwenyewe, nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya mbarika, yale yaitwayo ya nyonyo. Kisha akavivuta vyote viwili kwa koleo juu ya kalibu, yaani ule mguu wa mti unaotengenezewa kiatu. Kile kikavu kilifanya nyufa. Kile chenye mafuta kilikaa juu ya kalibu kama soksi.

"Umeona?"

"Nimeona," Kidosho alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alitabasamu.

Tangu siku hiyo alijipaka mafuta ya Fundi asubuhi na jioni. Dada yake Fundi, aliyeishi nyumba ya pili, hakukawia kugundua.

"Wifi, siku hizi unanuka duka la viatu!" alisema akiingia bila hodi. "Mtoto atazaliwa na kamba, tumfunge fundo!"

"Cheka tu, wifi. Wewe ulishamaliza mambo ya mimba."

"Sicheki bure. Hayo ni mafuta ya viatu. Wewe kiatu?"

Wiki mbili zilipita. Tumbo liliendelea kukua, na michirizi ikaongezeka. Ilipanda hadi usawa wa kitovu. Kidosho alilia kimyakimya nyuma ya pazia, nyundo ikigonga upande wa pili.

Ndipo wifi alipokuja na kopo dogo jeupe la krimu, lenye kifuniko cha rangi ya dhahabu. Juu yake palikuwa na picha ya tumbo la mwanamke, laini kama yai. Hapakuwa na maandishi mengine yoyote.

"Anayeiuza huichanganya mwenyewe," wifi alinong'ona. "Ana mkono mzuri. Mimi naipaka usoni na mikononi, mwaka wa tatu huu. Nitazame!"

Uso wa wifi ulikuwa umeng'aa kweli. Kidosho alilipokea lile kopo kwa mikono miwili.

Na kweli, baada ya siku chache michirizi ilianza kupauka. Kidosho alifurahi, ingawa ngozi ilimwasha na kumchoma kama pilipili. Alijisemea kwamba dawa kali ndiyo dawa. Siku ya kliniki ilipofika, hakwenda. Mwezi wa pili wake pia hakwenda. Kila mara alimwambia mumewe kwamba amekwenda, ila foleni ilikuwa ndefu. Lakini ukweli ulikuwa mwingine. Kliniki mtu hulala kitandani na kufunua tumbo. Kidosho aliona afadhali afe kuliko wanawake wenzake waone lile tumbo. Tumbo likitakata, alijiambia, atakwenda.

Siku ya pili yake, Mkunga alikuja kuchukua viatu vyake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye hatua ndefu. Alifanya kazi katika kliniki hiyohiyo, na soli zake ziliisha upesi kwa sababu aliwafuata wajawazito hadi majumbani.

"Hodi!"

"Karibu, mama. Shikamoo," Fundi alisema.

"Marahaba. Viatu vimepona?"

"Vimepona, vinakungoja wewe tu."

"Na mkeo je? Huu mwezi wa pili simwoni."

Nyundo ilisimama. Fundi aligeuka akalitazama pazia. "Si alikuja? Kidosho! Si ulikwenda kliniki?"

Mkunga hakupiga kelele. Alivua viatu, akapita nyuma ya pazia, akaketi kitandani kando ya Kidosho. "Mwanangu," alisema, "mtu hukimbia mvua akaingia mtoni. Niambie unakimbia nini."

Kidosho alipandisha blauzi. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

Mkunga aliinama akaitazama ile michirizi kwa muda mrefu. Alipoinua uso, hakuwa na huruma machoni. Alikuwa na mshangao, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha thamani.

"Miaka thelathini nayaona matumbo," alisema, "na hadi leo sijayazoea. Fundi, ingia. Njoo na kipande cha ngozi."

Fundi aliingia na ngozi ya ng'ombe mkononi.

"Ukitaka kuitanua hii ifuate kalibu, unafanya nini?"

"Nailoweka. Naipaka mafuta. Naivuta kwa koleo, naigonga misumari, naiacha siku mbili tatu ikauke."

"Na ikipasuka?"

"Imeharibika. Natupa."

"Hujawahi kuiona ikijiunga yenyewe?"

Fundi alicheka. "Mama, ngozi imekufa hii!"

"Haya. Sasa weka mkono hapa." Mkunga alichukua kiganja cha Fundi, akakiweka juu ya tumbo la mkewe. "Hii inatanuka bila koleo wala msumari. Mwenyewe analala, inatanuka. Anacheka, inatanuka. Ndani, chini kabisa ya hii unayoigusa, kuna nyuzi nyembamba kuliko uzi wako wowote. Ndizo zinazoishikilia ngozi. Tumbo likikua upesi, baadhi ya nyuzi hukatika. Mwili haukomei hapo. Unatia nyuzi mpya, unaziba. Michirizi hii ndipo mwili unaposhona. Hakuna kilichopasuka kikabaki wazi."

Fundi hakuondoa mkono. Chini ya kiganja chake kitu kiliteleza taratibu, kikasukuma, kikatulia. Kilikuwa kisigino, au kiwiko, hakujua.

"Lakini mafuta yangu..." alisema. "Mimi nilijaribu mbele ya macho yake. Kipande kikavu kilipasuka. Chenye mafuta hakikupasuka."

"Jaribio lako lilikuwa sawa kwa kiatu. Ngozi iliyokufa inakunywa mafuta hadi ndani. Iliyo hai ina mlinzi mlangoni. Mafuta mengi anayaacha hapohapo nje. Ya nazi, ya zeituni, siagi ya kakao, ya mbarika, yote hulainisha juu na kupunguza kuwashwa. Kwa hilo ni mazuri, apake. Lakini wataalamu wameyapima kwa wanawake wengi, na hawajaona kwamba yanazuia michirizi. Mwenye kuipata ataipata. Mara nyingi inafuata ukoo."

Kidosho alifuta macho. "Mama yangu anayo," alisema polepole. "Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wote wazima wanayo."

"Unaona? Na mama yako ulimpenda pungufu?"

Kidosho alitikisa kichwa. Kisha akanyoosha mkono chini ya mto, akatoa lile kopo. "Na hii, mama? Mbona hii imeipunguza michirizi?"

Mkunga alilipokea. Alilizungusha, akatafuta maandishi, hakuyaona. Alifungua, akanusa. Uso wake ukabadilika.

"Uzuri wa mkakasi," alisema. "Nani ameitengeneza? Kuna nini ndani? Imetengenezwa lini? Kopo halisemi. Kitu kisichotaja jina lake usikipake mwilini, sembuse ukiwa na mtoto tumboni."

"Lakini umesema mlinzi anazuia," Kidosho alisema.

"Anazuia mengi, hazuii yote. Kuna dawa zilizotengenezwa zimpite. Wachanganyaji wa mitaani huweka dawa kali za ngozi, zile ambazo daktari huandika kwa siku chache na kwa sehemu ndogo. Huondoa wekundu upesi, ndiyo maana ukadhani umepona. Ukizidisha, zinakondesha ngozi, na ngozi iliyokonda inafanya michirizi mipya. Wengine huweka zebaki, ambayo ni sumu kwa mtoto. Kuna na dawa za michirizi zenye asili ya vitamini A. Hizo mjamzito hazigusi kabisa. Hii yako siwezi kukuambia ina nini, kwa sababu sijui. Na wewe hujui. Acha leo."

Mlangoni kulisikika mtu akikohoa. Wifi alikuwa amesimama pale muda wote, na leso yake begani.

"Mimi ndiye niliyeileta," alisema. Sauti yake ya utani ilikuwa imekwisha. Alikunja mkono wa gauni lake juu. Ndani ya mkono, karibu na kwapa, palikuwa na michirizi mipana kama vidole. "Nilidhani ni unene."

Mkunga alimwendea, akaigusa ile ngozi kwa ncha ya kidole. "Wewe mwaka wa tatu," alisema. "Usiache ghafla peke yako, uso unaweza kuwaka moto. Njoo hospitali umwone daktari wa ngozi, akusaidie kuacha taratibu. Njoo na kopo."

"Nikacheka mafuta ya viatu," wifi alisema, "kumbe yalikuwa afadhali."

"Kaa ukijua!" Fundi alisema, na wote wanne wakacheka, Kidosho naye akiwamo.

Asubuhi iliyofuata karakana ilifungwa. Fundi alikwenda kliniki na mkewe. Kidosho alilala kitandani nyuma ya kitambaa cheupe, akafumba macho, akafunua tumbo. Alisubiri kusikia mguno. Hakusikia. Alipofumbua, alimwona mjamzito wa kitanda cha pili, naye amefunuliwa. Tumbo la mwenzake lilikuwa na michirizi kila upande, kama pundamilia.

"Wa ngapi?" Kidosho alimuuliza.

"Wa tatu. Ile ya wa kwanza imefifia, ukitazama vizuri. Imekuwa rangi ya majivu."

Mkunga alimpima Kidosho shinikizo la damu. Alipima tena mara ya pili. Hakutabasamu.

"Limepanda," alisema. "Halijafika pabaya. Daktari atakuona sasa hivi, utapewa dawa, na utakuja kila wiki. Kichwa kikikuuma sana, au macho yakiona ukungu, au uso ukivimba, usingoje siku ya kliniki. Na ukiwashwa sana viganja na nyayo, njoo vilevile, hiyo si michirizi, huenda ni ini. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Ningekaa nyumbani..."

"Ungekaa nyumbani tusingejua. Shinikizo halipigi hodi."

Fundi aliposikia hayo alishika ukingo wa kitanda. Mkunga alimwona. Alichukua kifaa chake cha mbao, kama tarumbeta ndogo, akakiweka juu ya tumbo katikati ya ile michirizi, akasikiliza. Kisha akamvuta Fundi kwa mkono wa shati.

"Weka sikio. Usipumue."

Fundi aliinama. Mwanzo hakusikia kitu. Kisha, kwa mbali, kama nyundo ndogo sana inayogonga haraka sana ndani ya nyumba iliyofungwa, akausikia moyo wa mwanawe. Alikaa vile hadi mgongo ukamuuma. Alipoinuka mashavu yake yalikuwa yamelowa, na hakujali nani anamwona.

Kidosho hakukosa kliniki tena. Dawa alimeza kwa saa yake. Mafuta ya mbarika alipaka kidogo, ngozi ilipowasha. Michirizi iliongezeka kidogo, naye akaiacha iongezeke. Alijifungua hospitalini, chini ya macho ya daktari, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Mtoto alipotimiza miezi minane, wifi alimkuta Kidosho akimwogesha kwenye beseni, kanga imefungwa kiunoni. Uso wa wifi haukuwa ukimetameta tena. Ulikuwa umerudia rangi yake, na tiba ilikuwa bado inaendelea. Alilitazama tumbo la wifi yake. Michirizi ilikuwa imekuwa myembamba, ya rangi ya majivu.

"Imefifia," alisema. "Lakini bado ipo."

Kidosho alimwinua mtoto kutoka majini, akamweka juu ya tumbo lake lililo wazi, ngozi kwa ngozi.

"Ipo, wifi," alisema. "Na huyu naye yupo."