Ametekwa Mokowe

"Bakuli lenu hili hapa!" Bi Ummu alilibwaga kwenye baraza ya mlangoni pa kina Sumeiya. "Halina kitu! Leo nimelirudisha tupu, na Mkomani nzima ishuhudie!"

Sumeiya alilitazama bakuli kabla ya kumtazama mwenyewe. Nyumba zao zimetazamana, katikati pana kichochoro cha kupita punda mmoja tu. Tangu azaliwe, bakuli lile limevuka na kaimati likarudi na mtuzi, likavuka na mahamri likarudi na ndizi. Tupu? Halijarudi tupu hata siku moja.

"Bi Ummu, kuna nini? Ingia ndani basi, watu watatusikia."

"Na wasikie! Wauliza kuna nini, wewe? Askari wawili wametoka kwangu sasa hivi na mabuti yao. Dadangu wa Malindi amezirai. Simu yalia tangu asubuhi, watu wanipa pole ya mwana aliye hai! Na yote yatoka kwenye hiyo blogu yako!"

Akamsukumia simu usoni. Maandishi yalikuwa makubwa, mekundu:

*BWANA HARUSI WA AMU ATEKWA MOKOWE! MAMA MZAZI AANGUA KILIO.*

Chini yake palikuwa na picha ya Fawaz. Fawaz mwana wa Bi Ummu, nahodha wa boti ya kuvusha abiria wa uwanja wa ndege wa Manda na wa Mokowe. Fawaz ambaye Ijumaa hii wazee wake walikuwa waje kumalizia posa ya Sumeiya.

Sumeiya alimrudishia simu.

"Sikuandika mimi haya. Wallahi sikuandika."

"Jina lako li hapo juu!"

"Fawaz yuko wapi?"

"Amepeleka abiria gati ya Mtangawanda."

"Umezungumza naye?"

Bi Ummu akaangalia upande wa bahari. Sauti iliyokuwa imejaza kichochoro ikashuka.

"Alipoondoka asubuhi. Sasa simu yake haishiki."

Huko juu dirisha likafunguka, na Amu likifunguka moja yaliyobaki hayakawii. Shingo zikatoka. Mmoja akauliza, "Kweli wamemteka?" na mwingine akamjibu, "Si umesoma?"

Nikupe habari ya hiyo blogu uelewe moto ulikotoka. Sumeiya aliianza baada ya Idi, akitaka kazi ya kufanya bila kuhama kwao. Akaandika milango ya kale, wakasoma wajomba zake. Akaandika mitandio, hakusoma mtu. Mpangaji wao wa ghorofani, Keziah, mwalimu wa Kiswahili kutoka Kitale, ndiye aliyemkalisha chini. "Sume, blogu ni kama duka. Ukiuza kila kitu hakuna anayekukumbuka. Chagua mada moja ambayo watu wataitaka leo na mwakani." Sumeiya akajaribu umbea wa harusi. Lo! Wasomaji walimiminika kama wageni wa pilau.

"Keziah!" Sumeiya aliita kwenye ngazi. "Keziah, shuka!"

Keziah akashuka mbio, simu mkononi, macho mekundu.

"Sume, wamempata? Wamesema wanataka nini?"

"Nani kaandika hii?"

"Mimi. Ulikuwa umelala, neno la siri ninalo, nikaona dakika haziwezi kupotea! Mtu akitekwa, watu wakijua mapema anapatikana."

"Ulijuaje ametekwa?"

"Nilisikia kwa masikio yangu!" Keziah akamgeukia Bi Ummu kwa heshima. "Mama, si wewe ulikuwa jikoni alfajiri, unaongea na simu, unalia? Ulisema, 'Mwanangu ametekwa Mokowe mbele za watu, na mimi sina la kufanya.' Ulisema au hukusema?"

"Nilisema! Ametekwa! Jana, gatini tu, mbee ya abiria wake!"

Madirisha yote yakashusha pumzi. Bibi mmoja akaanza kuomba dua.

"Sasa mbona unatukasirikia, mama?" Keziah alikuwa karibu kulia. "Kama ametekwa..."

"Ametekwa, hakuibwa! Wamemteka! Wamemteka hata wakashika mbavu! Kijana mmoja ameanguka tini kwa kuteka!"

Huko juu watu wakatazamana. Sumeiya, aliyenyonyeshwa kwa lugha hiyo, alielewa papo hapo, na kuelewa kwenyewe kukamchoma.

"Keziah," alisema polepole. "Hapa kwetu, kwa Kiamu, kuteka ni kucheka."

"Nini?"

"Kucheka. Fawaz alichekwa. Bi Ummu alikuwa akisema mwanawe amechekwa."

Keziah akaketi kwenye baraza, kando ya bakuli tupu. "Mungu wangu. Nimeita polisi kwa sababu mtu amechekwa."

Huko juu mtu akapasuka kicheko, akanyamazishwa. Lakini Bi Ummu hakucheka.

"Huyu mgeni simlaumu, hajui. Wewe, Sumeiya, wajua kwa nini mwanangu ametekwa?"

Sumeiya akainamisha kichwa.

"Halua," Bi Ummu akasema. "'Halua ya maji ya chumvi kilo ngapi?' Ndivyo walivyomuuliza Mokowe. 'Bwana arusi, leo wachumbia samaki gani?' Nani amewaambia?"

"Sikutaja jina, Bi Ummu."

"Hukutaja! Umeandika 'nahodha mwenye kofia ya kiko cha zafarani aliyoshonewa na mamake.' Amu hii nani mwengine hushona nakshi ya kiko kwa uzi wa zafarani? Kofia ile niliishona miezi kwa mato yangu haya, na wewe umeigeuza tangazo!"

Ilikuwa kweli. Wiki iliyopita, Fawaz alikwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, peke yake alfajiri kumpelekea ami yake Sumeiya halua, amlainishe kabla ya wazee. Maji yalikuwa yamekupwa. Akateleza akiwa na kanzu yake nyeupe, yeye na sinia wakazama matopeni. Hapakuwa na mtu. Jioni akampigia Sumeiya, akamsimulia, wakacheka hata simu ikaishiwa chaji. Kesho yake Sumeiya hakuwa na cha kuandika.

"Ijumaa hatuji," Bi Ummu akasema. "Mwambie Bwana Abdulqadir, babako. Mke wa kuuza siri za mumewe sina haja naye." Akavuka, akafunga mlango, komeo likalia.

Ndani, Sumeiya alikuwa anapiga simu ya Fawaz, haishiki, anapiga tena. Ujumbe ukaingia. Akaufungua mbio. Haukuwa wa Fawaz.

*"Dada, ni Abdulwahid wa mapambo ya harusi, Mombasa. Blogu yako leo imewaka! Umbea huo uendelee, nakupa tangazo la mwaka mzima. Nijibu kabla ya adhuhuri nisimpe mwengine."*

Keziah akausoma mara mbili.

"Sume, hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta."

"Najua."

"Mwaka mzima."

"Keziah, nimesema najua."

Simu ikalia. Fawaz.

"Hallo? Fawaz! Uko salama?"

"Niko Mtangawanda. Mtandao umerudi sasa hivi, nimekuta dunia yote inaniuliza kama ni mzima." Sauti yake ilikuwa baridi, sauti ya kuongea na abiria aliyechelewa. "Umeniteka mara mbili, Sumeiya. Kwa Kiamu na kwa Kiswahili."

"Hiyo ya pili ni Keziah, hakuelewa..."

"Na ya kwanza?"

Sumeiya akaibana simu sikioni.

"Habari ile nilimwambia mtu mmoja. Mamangu mwenyewe hakuijua. Nilitaka uteke wewe. Wewe peke yako. Nilikuwa tayari kuanguka matopeni kila siku ili uteke wewe. Sikuangukia Mokowe nzima."

"Fawaz, nisamehe."

"Huo umbea una chakula, siukatai. Lakini leo ni mimi. Mwezi ujao ni nani, dadako? Ukimaliza majirani, utamla nani?"

Simu ikakatika. Labda mtandao. Labda yeye.

Sumeiya akaketi. Hakulia, alifungua blogu. Akafuta habari ya kutekwa. Akafuta ya halua. Akaendelea kufuta, harusi kwa harusi.

"Zote?" Keziah akauliza. "Wasomaji wote hao?"

"Wamekuja kumcheka mtu. Akiisha wa kuchekwa wataondoka."

Akamwandikia Abdulwahid: *"Ahsante ndugu yangu. Umbea nimeacha. Mpe huyo mwengine."* Akatuma kabla mkono haujabadili nia. Kisha akaandika mbele ya watu wote:

*"Fawaz hakutekwa. Fawaz alitekwa. Kwa Kiswahili cha shuleni, kuteka mtu ni kumchukua kwa nguvu. Kwa Kiamu, kuteka ni kucheka. Kwa hivyo askari wetu wapumzike, kijana ni mzima. Aliyemfanya achekwe ni mimi, Sumeiya binti Abdulqadir. Aliniamini na siri, nikaipeleka sokoni. Namuomba radhi yeye, na mamake, ambaye kofia yake ni nzuri kuliko maandishi yangu yote."*

Akaizima simu, akajifunika mtandio usoni.

Alasiri, alipoiwasha, ilitetemeka mpaka ikataka kuanguka mezani. Keziah akaichukua.

"Sume. Njoo uone."

"Wananitukana?"

"Wanacheka. Lakini wanajicheka wenyewe! Sikiliza huyu muuguzi: 'Siku ya kwanza kazini mzee kaniambia mato yamuuma, nikamwambia avue viatu. Kumbe ni macho!' Na huyu hapa: 'Mimi ni Kiprotich, mmoja wa askari wa asubuhi. Tafadhali mtuandikie maneno mengine kabla hatujakamata mtu.'" Keziah akasimama. "Sume, ni hii! Mada ni hii!"

"Ipi?"

"Kiamu! Nani anashuka Mokowe kila mwezi? Walimu, wauguzi, askari, mafundi, watalii. Wote kama mimi. Mimi ndiye msomaji wako, na nimekaa juu ya kichwa chako siku zote hizi! Umbea lazima umpate mtu. Neno halimuumizi mtu, na hapa maneno hayaishi. Hoteli za Manda zitatangaza, wenye boti watatangaza..."

"Wenye boti," Sumeiya akarudia, macho yakajaa.

Nje zikasikika hatua. Fawaz alikuwa amesimama baina ya nyumba mbili, suruali imelowa magotini, kichwa wazi. Sumeiya akatoka mpaka kizingitini, Keziah nyuma yake.

"Nimesoma," Fawaz akasema.

"Ahsante kwa kusoma."

"Umefuta zote?"

"Zote."

"Na tangazo? Mwalimu amenitumia ujumbe kuna tangazo."

Sumeiya akamgeukia Keziah. Keziah akatazama dari.

"Nimelikataa."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako. Na kwa ajili yangu. Siwezi kukaa na mume anayechagua la kuniambia."

Fawaz akatazama lile bakuli, bado liko barazani, hakuna aliyethubutu kuligusa.

"Na sasa utaandika nini?"

"Maneno yetu. Ndia ni njia, nti ni nchi, mato ni macho. Nitaeleza, na mafundi wa lugha watanisahihisha. Kesho naanza na mchuzi..."

"Mtuzi!" sauti ikafoka kutoka nyuma ya mlango wa Bi Ummu, ambao kumbe ulikuwa wazi kidole kimoja. "Waanza kwa kukosea? Ni mtuzi! Na mchele ni mtele!"

Fawaz akauma mdomo.

"Mama, wasikiliza maneno ya watu?"

"Nachungulia paka!"

Sumeiya akasogea hatua moja. "Fawaz. Ukiniambia jambo tena, litakufa na mimi. Hata likichekesha."

Fawaz alimtazama. Halafu akatia mkono mfukoni, akatoa kofia ya kiko cha zafarani aliyokuwa ameificha tangu Mokowe. Akaikunjua, akaivaa, akaisawazisha kwa vidole viwili.

"Likitekesha sana," akasema, "mwambie mwalimu. Hataelewa."

Sumeiya akacheka na machozi yakimtoka. Mlango wa Bi Ummu ukafunguka wote. Mama alisimama na upawa mkononi, uso bado umekunjwa, ila si kama asubuhi.

"Mama," Fawaz akamwambia, "na Ijumaa?"

"Ijumaa, Ijumaa! Halua iko wapi? Ile yako wameila kaa kule matopeni!" Akamnyooshea Keziah upawa. "Wewe mwalimu! Ndoo!"

Keziah akashtuka. Akaangaza kulia, akaangaza kushoto, akaiona ndoo ya buluu chini ya bomba, akaikimbilia. Akaileta kwa mikono miwili na kuinama kidogo.

"Hii hapa, mama."

Fawaz akageukia ukutani. Sumeiya akaziba mdomo kwa mtandio. Juu, madirisha yakapasuka yote kwa pamoja, na safari hii hapakuwa na wa kuyanyamazisha, maana Bi Ummu mwenyewe alikuwa ameegemea mlango, upawa unatikisika, anateka mpaka anahema.

"Ewe mwana wa watu! Nataka wewe, sitaki ndoo! Ndoo ni uje! Njoo yenu hiyo ya shule!"

"Ooh," Keziah akasema, ndoo ingali mikononi. "Hiyo nayo tutaiandika."

Bi Ummu akajifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akamtazama Sumeiya, aliyekuwa bado kwenye kizingiti chake, hajui avuke au asivuke.

"Na wewe wangoja mshenga? Tangu asubuhi hakuna aliyekula mtaa huu kwa ajili yako. Okota bakuli lenu hilo unipe nilitie mtuzi." Akasimama kando, mlango akauacha wazi. "Ndoo, mwanangu. Ndoo ule."