Tangawizi ndani ya Chupa ya Pombe

"Chupa ya pombe, Aganze! Mbele ya papa yangu, siku ya ijumaa!"

"Ndani ilikuwa tangawizi, Mounira! Tangawizi na ndimu!"

"Nani alikuuliza ya ndani? Watu wanaona ya inje!"

Mounira alikuwa amesimama katikati ya kile chumba Aganze anatengenezea simu, karibu na soko ya Kasongo. Kitenge ya kijani, kitambaa ya kichwa imeteleza sababu ya hasira, na alikuwa muzuri hata hivyo, uzuri wa kukasirisha. Kwenye mulango, mama Odile muuza makala ya kupikia aliacha kupima, asikie vizuri.

Ilikuwa hivi. Aganze, kijana wa Bukavu, anabana kila kitu ya kinywa. Chai anapika mwenyewe, maharagi ya leo ni ya kesho pia, soda hajui hata utamu wake. Anabana apate mahari ya Mounira kabla yule muchimbaji wa Salamabila anayemutaka pia hajakuja na zahabu yake. Basi jana, siku ya kujitambulisha kwa wazee, hakununua sukre, zile soda za duka. Alikuwa ametengeneza tangawizi, akaosha chupa tatu tupu za pombe na majivu, akafunga ngumu. Zikakaa siku mbili ndani ya joto! Alipofungua: paa! Povu yote juu ya kanzu ya Abdallah, baba mukubwa wa Mounira. Chupa ya pombe, povu kama ya pombe. Nani atasikiliza tena?

"Papa anasema ulete kazye mbili, sanduku mbili nzima za sukre, leo, uombe musamaha. Nunua tu, sheri wangu. Tutabana tukiisha oana."

"Kazye mbili ni chakula yangu ya mwezi."

"Utakula kwetu."

"Sitaki kuoa sababu ya kula kwenu!"

"Bahili weye! Tangu siku ya kwanza! Soko imejaa watu, unakuja kwenye meza yangu kuomba sukari ya kijiko kimoja! Nikakuambia nunua kilo..."

"Na mimi nikasema nini?"

Mounira akauma mudomo asicheke.

"Sema, basi."

"Ulisema kilo ni ya watu wawili, na weye ungali mumoja."

Mama Odile akapiga kigelegele.

"Mama Odile, pima makala!" wakapiga kelele wote wawili.

Simu ya Mounira ikaita. Ni papa Amisi. Aganze akaipokonya.

"Jambo papa. Ni Aganze. Niko nakuja, lakini sina kazye... Hapana, papa. Ya chupa, munisamehe, nilikosa. Ya kubana, siombi musamaha. Mutoto wenu nitamuoa hata na maji ya kisima."

Kisha sauti ya muzee ikatoka kubwa, hata mama Odile aliisikia:

"Kuja basi! Nikutukane uso kwa uso!"

Aganze akarudisha simu, akavaa shati yake nyeupe, akafunga vifungo mupaka kwenye shingo.

"Tuende wote," Mounira akasema, sauti imekuwa ndogo.

"Hapana, mupenzi. Matusi ni yangu."

"Na akikufukuza?"

"Nitarudi kesho."

"Na kesho akikufukuza?"

"Atachoka yeye wa kwanza."

Akatoka, akafunga mulango nyuma yake, Mounira akabaki ndani.