Jani la Isale Mbele ya Kamera

Nilimuuza mama yangu mbele ya kamera…

Sikupewa hela, jamani. Nilinyoosha tu mikono nikapokea jani.

Wasio wa huku Moshi mtasema, jani tu? Ngoja. Mchagga aliyekukosea akikuletea isale, hukatai. Ukishaipokea umesamehe, na ugomvi ule hauguswi tena.

Ilikuwa 2002. Mama yangu, Kornelia, alikuwa mjane wa mangi, chifu wetu wa Kichagga. Zamani picha zake zilitoka magazetini, na wakubwa wa serikali walipanda mlimani kula kwake.

Baba alipofariki, mdogo wake Elimringi akatufukuza kwenye kihamba, shamba la ukoo alikozikwa baba. Mama akaishia chumba cha kupanga mtaa wa Pasua, anauza ndizi sokoni Mbuyuni. Kesi ya kihamba mahakamani ilikuwa haiishi. Alichotaka ni kimoja tu, azikwe pembeni ya mumewe.

Ndipo wakaja watu wa TV kutoka Dar kutengeneza tamthilia ya maisha yake. Nikapewa kumwigiza mama. Baba mdogo akakubali wapigie picha kihambani, kwa sharti moja: ajiigize mwenyewe, na mwisho asamehewe. Wazee wa ukoo nao wakaitwa, wale wale wa kweli.

Siku yenyewe akapiga goti, isale mkononi, akasema maneno aliyoandikiwa.

"Shemeji, nilikudhulumu kihamba cha kaka yangu. Nisamehe."

Nikapokea. Si naigiza?

Kamera ilipozimwa akainuka anatabasamu. Akawaambia wazee wameona wenyewe, nyumba ya kaka yake imepokea isale, kwa hiyo kesi imekwisha.

Nikamtafuta mama. Alikuwa kwenye kigoda chake nyuma ya kamera, hata hanitazami. Nililia mpaka wanja ukachafua nguo za watu.

Mwongozaji akajitia kusema ule ni mchezo tu. Baba mdogo akamkatalia palepale, akasema isale haichezewi.

"Kweli haichezewi," akaitikia mzee Ndelilio, mkubwa wa ukoo. "Na umekiri umedhulumu. Rudisha kihamba."

Baba mdogo akanasa hapo hapo. Angesema maneno yalikuwa ya kuigiza, msamaha nao ungekuwa wa kuigiza.

Jioni nikamuuliza mwongozaji nani alimwandikia baba mdogo yale maneno. Akanionyesha mama kwa kidevu.

Nilikasirika, siwafichi. Nikamuuliza mama kwa nini aliniacha nilie vile bila hata kunidokeza.

"Ungejua usingelia," akasema. "Na Elimringi anakujua tangu unatambaa. Angeshtukia mtego."

Basi kihamba kikarudi kwetu, nikadhani mama atafurahi. Wiki ile ile baba mdogo akaja kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, maana mkishapatanishwa na isale lazima mnywe pamoja. Mama akammiminia mwenyewe.

Alipoondoka, mama akaniambia, "Kihamba nilikitaka, Violet. Kumsamehe sikutaka."

Alikaa kihambani miaka kadhaa, na kila Jumapili akampa yule mtu mkono kanisani. Kwa hiyo wewe unayepigania haki yako leo, pigania, lakini jiulize utakaa meza moja na nani ukishaipata.

Mama amezikwa pembeni ya baba, kama alivyotaka. Jeneza lake mbele lilibebwa na Elimringi, na hakuna kati yetu aliyeweza kumkataza…