Vijiko vya Wifi

Fundi wa nguo mmoja alijulikana kwa jina la Mama Vifungo. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa sababu akishona, mdomoni hakukosa kifungo kimoja au viwili. Asubuhi moja mshono ulikuwa umekwenda upande. Mkono ulikuwa kwenye cherehani, lakini mawazo yalikuwa kwa wifi yake, dada wa mumewe.

Wifi huyo alikuwa msusi. Jumapili iliyopita aliwakaribisha chai, akatoa vijiko sita vya madini ya fedha. Mama mkwe alishika kimoja, akakigeuzageuza.

"Mwanangu ana akili," akasema. "Akiba yake inaonekana."

Maneno yale yalimchoma Mama Vifungo. Akiba hata yeye anayo! Amejinyima mwaka mzima ili anunue cherehani ya umeme. Lakini nani atasifia pesa zilizofichwa ndani ya kopo? Wivu ulimpanda mpaka chai ikamshinda kunywa.

Basi akashika njia kwenda kwenye duka la sarafu na vyombo vya fedha. Amuulize wifi alikonunua? Thubutu! Dukani, nyuma ya kioo, aliona sarafu nyeusinyeusi na vijiko vilivyofifia.

"Takataka gani hizi?" akanong'ona.

Nje ya duka mchuuzi alikuwa amepanga vijiko vinavyometameta.

"Fedha tupu, dada. Humo ndani watakupiga bei."

Mama Vifungo alitoa robo ya akiba yake bila kuuliza swali hata moja. Alichowaza ni sura ya wifi yake tu.

Jumapili ikawa zamu yake kukaribisha wageni. Aliona vijiko bado havijang'aa vya kutosha kumkomesha mtu, akavisugua kwa majivu. Rangi ya njano ikajitokeza kwenye kingo. Akasugua tena, njano ikazidi. Mara mlango ukafunguliwa. Wifi alikuwa amewahi kufika.

"Wifi yangu, hivi vimepakwa fedha juu tu," akasema. "Ndani ni shaba."

Mama Vifungo alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Haya, cheka basi!"

Wifi alicheka kweli, mpaka akakaa chini. Kisha akafuta machozi.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe? Unavyojidai na vijiko vyako!"

"Najidai, ndiyo. Lakini nisingekuacha uibiwe. Pesa zilizobaki usiziguse. Kesho twende wote dukani, nikuonyeshe."

Kesho yake walikwenda kwenye duka lile lile la sarafu. Wifi alichukua kijiko kimoja kilichofifia, akageuza mpini wake.

"Tazama chapa hii, 925. Maana yake, katika kila sehemu elfu moja, 925 ni fedha. Ukiona herufi EP, ujue kimepakwa."

"Mbona hakimeti?"

"Fedha halisi hufifia ikikaa. Usifuate mng'ao."

"Na sumaku je? Nasikia fedha hainaswi."

"Hainaswi. Lakini hata shaba hainaswi, kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi. Na chapa nayo watu huiga. Ndiyo maana nataka duka lenye mizani, linalopima mbele yangu na kunipa risiti. Uliza bei ya gramu ya leo. Uliza pia, ukitaka kumuuzia mwenye duka, atakupa kiasi gani. Asiyejibu, muage."

Mwenye duka alicheka. "Huyu kila akija hunitoa jasho."

Walipita duka la pili. Mwenye duka alikuwa ameficha mizani chini ya meza. Mama Vifungo mwenyewe akasema, "Kwaheri, baba."

Wakarudi duka la kwanza. Safari hii Mama Vifungo alichakura sanduku la sarafu mpaka chini, akaibuka na moja nene, nyeusi, ya zamani. Akavuta upindo wa gauni aisugue.

"Acha!" wifi akamdaka mkono. "Sarafu ya zamani haisuguliwi. Wanaokusanya sarafu hawaitaki ikisuguliwa, na bei hushuka."

Mama Vifungo akauliza bei ya gramu. Sarafu ikapimwa mbele yake, risiti ikaandikwa. Alinunua hiyo moja tu, na pesa nyingine akaziacha kwa ajili ya cherehani.

Nje, wifi aliomba aishike. Aliigeuza, akaipima kiganjani, akaigeuza tena. Hakuirudisha upesi. Mama Vifungo aliitambua sura ile vizuri sana, maana alikuwa nayo mwenyewe wiki nzima. Akaona raha, tena raha ya kweli, na hakuona haya kuifaidi kidogo.

Halafu akamshika wifi mkono.

"Sandukuni niliona nyingine kama hii," akasema. "Turudi kabla hajaiuza."