Pua ya Bingwa

Soko la Salaga siku ya Jumamosi halina adabu. Utakanyagwa, utasukumwa, utatukanwa na mama yule yule anayekubembeleza ununue pilipili zake, na wiki ijayo utarudi. Jumamosi hiyo fujo ilizidi, kwa sababu jana yake Ayikwei Sowah alikuwa ametwaa ubingwa wa Ghana wa uzito wa juu, na vijana wa mtaa wa Bukom walikuwa wakimzungusha sokoni kwa ngoma na matarumbeta. Alivaa suruali ya mazoezi ya buluu na singlendi nyeupe, mkanda begani, jicho moja limevimba kama andazi. Mtu mrefu kiasi kile alionekana hata ukiwa umeinamia sufuria.

Ghafla akasimama. Akainua uso, akavuta pumzi kwa pua.

"Komi ya nani hii?"

Wanawake ishirini walijibu kwa pamoja, maana pale kila mtu anachemsha komi. Unga wa mahindi ukishachachushwa, ukafinyangwa madonge na kufungwa kwa maganda ya mahindi, mvuke wake ni ule ule sufuria zote, au ndivyo tunavyodhani sisi wenye pua za kawaida. Ayikwei alipita sufuria tatu bila kuzitazama, akasimama mbele ya msichana aliyevaa kitenge cha manjano chenye ndege weusi, kilemba kimepindishwa upande, kijasho chembamba juu ya mdomo.

"Hii imechacha siku tatu," alisema. "Ya jirani yako siku mbili. Alikuwa na haraka."

"Haraka mamako!" jirani akaruka. "Pua kama mlango wa kanisa!"

Watu wakaangua kicheko. Msichana hakucheka. Alimtazama yule bwana kuanzia viatu mpaka jicho lililovimba, taratibu, kama anayekagua samaki.

"Bingwa, umekuja kununua au kunusa? Kwangu hakuna kunusa bure."

"Nipe sita."

"Sita za nani na nani?"

"Zangu."

"Na hawa wanaokupigia ngoma?"

"Wamekula kwao."

"Mchoyo wewe! Na bingwa mwenyewe ndiye huyu?"

Hapo ndipo alipocheka, na Ayikwei akasahau kupokea chakula chake.

"Unaitwa nani?"

"Muuza komi."

"Jina lako, bibie."

"Litafute mwenyewe. Si una pua?"

Akabaki amesimama, ngoma zimempita, vijana wanamwita, yeye kakwama kama nguzo ya umeme. Mara kutoka ng'ambo ya soko mama mmoja akapaza sauti: "Amerley eeh! Maganda yamekwisha!" Alikuwa Mama Dedei, mamake msichana, na hana habari kwamba amemfichua mwanawe.

Ayikwei akatabasamu mpaka jicho bovu likajifunga.

"Amerley," alisema. "Nimelipata."

Basi ndivyo yalivyoanza, na asikudanganye mtu kwamba mapenzi ya Bukom huanza kwa maua. Kwa miaka minne alikuja kila asubuhi baada ya mbio zake, akanusa, akataja siku, hakukosea hata mara moja. Katika miaka hiyo minne alipigana Lagos, akapigana Abidjan, akapigana Dakar, akawapiga wote. Walimpa jina la Ukuta. Watu hawakwenda kumwona akipiga. Walikwenda kumwona akipigwa na asianguke. Ngumi zinamtua kichwani, paa, paa, na yeye anatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi, halafu anamfuata mwenzake. Kocha wake, Okpoti, alikuwa akijisifu mbele ya waandishi: "Ayikwei hajui sakafu ya ulingo ina rangi gani." Sisi tulipiga makofi. Mungu atusamehe.

Siku alipotwaa ubingwa wa Afrika kule Kinshasa, alimpigia Amerley simu kutoka hotelini.

"Haloo, mama komi."

"Haloo, Ukuta wangu. Umevunjika wapi?"

"Sijavunjika."

"Mbona unaongea kama mtu mwenye muhogo mdomoni?"

"Mdomo umevimba kidogo, laazizi. Sikiliza. Nikirudi, mjomba atakuja kugonga mlango kwenu, kuleta posa."

Ayikwei akaita haloo, haloo, akidhani laini imekatika.

"Nipo," alisema Amerley. "Nilikuwa nafuta macho. Ni vitunguu."

Mjomba alikuja, chupa mbili za pombe ya jini mkononi, akagonga mlango kama ilivyo desturi. Mama Dedei alizipokea. Lakini Mama Dedei ni mjane wa bondia, akasema mbele ya watu wote: "Mtu nimemkubali. Kazi yake sijaikubali."

Toka siku hiyo Amerley akaanza kuvuka barabara na bakuli. Kwetu mke, hata ambaye ndoa haijafungwa, hukaa kwa mama yake, mume hukaa nyumba ya wanaume wa ukoo, na kila jioni chakula huvuka kutoka huku kwenda kule. Mtaa mzima hutazama. Bakuli likivuka, mapenzi yapo. Lisipovuka, tutasema mpaka tukauke koo. Amerley alivuka akiwa amejipodoa, kitambaa cheupe juu ya bakuli, na wanaume waliokuwa wakicheza drafti uani walimpisha njia.

Yakapita miezi sita. Jioni moja, Mama Dedei akiwa anaumwa na nyumba imevurugika, Amerley alipakua mchuzi wa mawese haraka haraka, akapeleka, akarudi. Akafunua sufuria jikoni. Mchuzi wa leo ulikuwa umejaa, haujaguswa. Alikuwa amepakua ule wa juzi, uliowekwa pembeni umwagwe, samaki wake wamevunda. Akatoka mbio peku.

Alimkuta Ayikwei anapangusa bakuli kwa kidole.

"Mpenzi, leo umejipita," alisema. "Umeweka nini humu?"

"Ayikwei, katapike."

"Nitapike nini?"

"Mchuzi umeoza!"

"Acha masihara, mama."

Amerley aligeuka. Wachezaji drafti walikuwa wamehamia ukuta wa mbali, mmoja fulana juu ya pua. "Shemeji," alisema huyo kwa aibu, "sisi tulidhani ni mtaro."

Kesho yake Amerley alikuja na madonge mawili ya komi, moja la siku tatu, jingine la unga usiochacha kabisa. Akavua kilemba, akamfunga macho.

"Lipi la siku tatu?"

Ayikwei alicheka. Akanusa la kwanza, akanusa la pili. Akarudia la kwanza. Kicheko kikaisha taratibu.

"Hili," alisema.

Halikuwa hilo.

"Ni mafua, Amerley."

"Mafua ya tangu lini?"

"Tangu Kinshasa."

Amerley alikaa chini kwenye saruji. "Baba alianza na pua hivyo hivyo. Tulikuwa tunamcheka. Ikafuata mikono kutetemeka. Halafu akawa ananiita kwa jina la shangazi. Halafu siku moja ya jua kali akachukua chupa dirishani akanywa. Mafuta ya taa, Ayikwei. Alikunywa yote, hakunusa kitu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mimi ndiye niliyeiweka ile chupa pale."

"Pole, mpenzi."

"Sitaki pole. Acha ndondi."

"Pigano moja tu. La dunia, hapa hapa Bukom, na Mwingereza anakuja mwenyewe. Nimelisubiri miaka kumi! Nikishinda natundika glovu, tunafunga ndoa."

"Na ukishinda halafu usikumbuke kwamba umeshinda?"

Ayikwei alisimama, kichwa kikagonga bati. "Unanitakia mabaya!"

"Nakutaka mzima. Mpaka ujitoe, sivuki tena barabara hii na bakuli. Sitamnenepesha mtu wa kuchinjwa."

Na kweli hakuvuka. Siku ya kwanza tulidhani anaumwa. Siku ya tatu midomo ikafunguka. Kocha Okpoti, ambaye aliona pigano la maisha yake linataka kumponyoka, alimnong'oneza bondia wake kwamba msichana ana fundi wa friji kule Kaneshie, mtu mwenye gari. Uongo mtupu, lakini mtu mwenye kinyongo haulizi ushahidi. Mchana ule ule Ayikwei alimpigia Amerley simu.

"Haloo."

"Fundi wa friji hajambo?"

"Fundi gani tena?"

"Usinifanye mjinga, Amerley."

"Unajua vizuri kwa nini sileti chakula."

"Najua unachotaka nijue. Mtaa mzima unanicheka!"

Amerley alikuwa hajalala siku tatu. Hasira ikampanda mpaka kwenye masikio. "Haya basi. Huyo fundi ana pua! Angalau akila chakula changu anajua anakula nini."

Akakata. Simu haijapoa mkononi, akajuta. Akapiga tena, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Simu ya Ayikwei ilikuwa tayari imeingia mfukoni mwa Kocha Okpoti. Bondia yuko kambini, hasumbuliwi.

Jumamosi ya pigano, jua halijazama vizuri, Bukom yote ilikuwa ukumbini. Amerley alikaa mlangoni kwao na Mama Dedei, wanachambua maganda, redio katikati. Mtangazaji alikuwa anapasuka mapafu. Raundi ya tatu ya Ayikwei. Ya tano ya Ayikwei. Ya saba Mwingereza anamtwanga kichwani, Ukuta unatikisa kichwa, Ukuta unasonga mbele, Ukuta unaongoza kwa pointi!

"Ngumi ngapi hizo?" Mama Dedei aliuliza.

"Sihesabu, mama."

Kengele ya tisa ikalia. Mtangazaji akaanza kusema, akakatika. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Amepiga goti. Sijaona ngumi ya maana, ndugu wasikilizaji. Imemgusa begani tu, na Ayikwei amepiga goti. Macho yake yako wazi. Refa anahesabu... nane... tisa..."

Mama Dedei alizima redio. Hawakuhitaji kuambiwa kumi. Kelele za ukumbi ziliwafikia zenyewe juu ya mabati, na hazikuwa za furaha.

Jumapili mchana, watu walipotoka kanisani, walijaa mbele ya nyumba ya wanaume. Wana nguo nyeupe, wengine Biblia mkononi, na wanaimba, "Ukuta wa karatasi! Ameliuza pigano!" Wanarusha vipakiti vya maji, vinapasukia ukutani. Wale wa ngoma na matarumbeta walikuwepo pia. Kocha Okpoti alikuwa amesema redioni asubuhi kwamba hamjui tena mtu huyo.

Amerley alivaa kitenge cha manjano chenye ndege weusi. Akapakua, akafunika bakuli kwa kitambaa cheupe, akavuka barabara.

"Wewe! Unampelekea nani chakula, yule msaliti?"

"Nampelekea mume wangu. Kama una njaa sema, usipige kelele."

Wakampisha.

Ayikwei alikuwa chumbani, amekaa kwenye benchi, taulo kichwani, uso umevimba kote. Aliinua macho, akakitazama kitenge kabla ya kumtazama mwenye kitenge.

"Umekuja."

"Nimekuja. Na hakuna fundi wala nini. Nilikuwa na hasira, nisamehe."

"Nilijua tu. Hata nilipokupigia nilikuwa najua."

Amerley akachuchumaa mbele yake. "Ulikuwa unaongoza. Mbona ulipiga goti?"

Ayikwei alisema polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Tangu uliponieleza habari za baba yako, nilianza kujipima. Kila raundi nikirudi kwenye kigoda nataja vitatu. Mama yangu. Nyumba hii. Jina lako. Mpaka ya saba vyote vipo. Ya nane nikakaa, nikataja mama, nikataja nyumba. Nikatafuta lako." Akanyosha kidole kwenye kitenge. "Nakiona hicho kitenge. Hao ndege naweza kuwahesabu. Jina hakuna. Nikasema nikisimama kupigwa tena, kesho hata kitenge sitakiona."

"Lakini sasa..."

Ndipo Amerley alipogundua kwamba tangu aingie, hajaitwa kwa jina.

"Ayikwei," alisema. "Mimi ni—"

"Usiniambie!" Aliinua mkono, ule mkono mkubwa, na ulikuwa unatetemeka. "Nitalitafuta mwenyewe."

Basi Amerley akakaa naye kwenye benchi. Akafunua bakuli, akambandulia komi maganda, akamtolea samaki miiba. Ayikwei alikula bila kunusa kitu, macho kwenye ndege weusi, midomo ikijaribu hiki na kile. Nje pakiti nyingine ilipasuka, watu wakashangilia. Amerley aliuma ncha ya kilemba ili asilitamke.

Kelele ikazidi, na ng'ambo ya barabara Mama Dedei akaingiwa na hofu. Akatoka mlangoni, akapaza sauti kwa nguvu zote za mtu aliyeuza sokoni miaka arobaini.

"Amerley eeh! Uko salama huko?"

Chumbani walisikia wote wawili. Ayikwei alisimamisha tonge njiani. Uso uliovimba ukafunguka taratibu, akatabasamu mpaka mdomo uliochanika ukatoa damu.

"Amerley," alisema. "Nimelipata."

"Umelipata, mpenzi," alisema Amerley, akamsogezea samaki.